Kozi wa Chris Packham

Mjukuu wangu alinionyesha filamu ya Chris Packham, mtangazaji wa vipindi vya wanyama wa Uingereza. BBC waliirusha mwaka 2017, nayo inaitwa Asperger's and Me. Tuliitazama sebuleni hapa Kiwalani, tukiisimamisha kila ndege ilipopita juu ya bati.

Packham alizaliwa mwaka 1961, na alikwishapita miaka 40 alipoambiwa kuwa ana usonji. Sehemu iliyonishika ni ile ya kozi. Alipokuwa kijana alimtoa kinda kiotani, akamlea, na ndege yule akafa. Mtu mzima wa miaka 56 anakieleza kifo kile kama cha jana. Hapo, msomaji, nilijifunza zaidi kuliko katika maelezo yote ya kitaalamu.

Baadaye anakwenda Marekani kuona jinsi watoto wanavyotibiwa ili wafanane na wenzao. Anachukizwa, na anasema hata dawa ingekuwapo yeye asingeitaka. Namwelewa. Lakini yeye anaishi msituni na mbwa wake, ana kazi inayolihitaji jicho lake lile lile, na mwenzi anayekubali kila mmoja akae kwake. Mama wa Temeke ambaye mtoto wake hasemi neno na hukimbilia barabarani anaulizwa swali jingine kabisa. Ningependa filamu ikae zaidi na wazazi.

Nakosoa, nami si msafi. Chuo cha ualimu tulisoma saikolojia ya watoto, lakini usonji sikuusikia, ingawa Leo Kanner aliueleza huko Marekani tangu mwaka 1943. Nikiwa mkuu wa shule nilikuwa na mvulana aliyezijua namba za mabasi yote yaliyopita njia yetu. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori; ikigongwa, aliziba masikio na kukimbilia nyuma ya vyoo. Nilimchapa kwa kutoroka paredi, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sikumwuliza hata siku moja anakimbia nini.

Sasa ni mtu wa makamo, fundi redio, anaishi peke yake. Vijana humwita Profesa, na si kwa heshima. Mjukuu wangu anataka nimwonyeshe filamu. Packham anaona kwamba kujulishwa kulimsaidia kuyaelewa maisha yake ya nyuma, na ninamwamini. Ila yeye aliambiwa na mtaalamu. Mimi si daktari, na neno hilo lingemfikia likitoka katika mkono ulioshika fimbo. Pengine ningeanza na fimbo, filamu ifuate.

Juzi nilimpelekea redio yangu, ambayo haikuwa mbovu sana. "Shikamoo, mwalimu," alisema bila kunitazama. Akaifungua, akaitaja mwaka iliotengenezwa, akaniambia niifuate Ijumaa saa 4 asubuhi, si kabla.

Ijumaa nitakwenda peke yangu. Mjukuu abaki na kompyuta yake.