Kimya cha Mwanachama: Uhakiki wa Kumbukumbu za Klabu ya Hadithi za Kisayansi

Wamarekani waliokua baina ya miaka ya 1950 na 1980, na ambao walipenda hadithi za kisayansi, wana kumbukumbu moja ambayo huisimulia kwa maneno yaliyo karibu sawasawa. Kwanza laja tangazo katika jalada la nyuma la jarida; halafu vitabu vitatu, vinne au vitano kwa dola moja au kwa senti chache; halafu saini ya baba au mama, kwa kuwa mtoto hana uwezo wa kufunga mkataba; halafu kifurushi mlangoni. Mwisho, na hapo ndipo msimulizi huanza kucheka, yaja habari ya kadi iliyosahauliwa, na ya kitabu kisichotakiwa kilichofika pamoja na hati ya madai. Nimezisoma kumbukumbu za namna hii nyingi, na nyingine nimesimuliwa kwa mdomo. Mimi mwenyewe nilikuwa mwanachama kwa miaka michache, wakati wa masomo yangu huko, kwa hiyo siwezi kusema kwamba natazama kutoka nje. Nia yangu hapa ni kuzihakiki kumbukumbu hizi kama tunavyohakiki utanzu wowote mdogo wa masimulizi. Maana naona kwamba zacheka mahali pasipostahili kicheko, na zapita mbio mahali ambapo pana jambo.

Yafaa kwanza nieleze klabu yenyewe, kwa ajili ya wasomaji ambao haikuwafikia. Mwaka 1953 kampuni ya Doubleday, ambayo ofisi zake zilikuwa Garden City, New York, ilianzisha Science Fiction Book Club. Mwaka huohuo kampuni ya Sidgwick & Jackson ilianzisha klabu yenye jina hilohilo mjini London, lakini hiyo ni nyingine, nami naiacha. Utaratibu haukuwa mpya. Uliazimwa kwa Book-of-the-Month Club, iliyoanzishwa na Harry Scherman na wenzake mwaka 1926. Mwanachama alipewa vitabu vya kumkaribisha kwa bei iliyo karibu na bure, naye akaahidi kununua vingine kadha, aghalabu vinne, kwa bei ya klabu. Kisha alipelekewa kijarida kilichoitwa Things to Come, kikieleza vitabu viwili vilivyoteuliwa na mhariri, na ndani yake mlikuwa na kadi. Akivitaka vitabu vile, hakuwa na la kufanya, vingekuja vyenyewe. Asipovitaka, ilimpasa kuandika katika kadi, kubandika stempu, na kuirudisha kabla ya siku iliyotajwa.

Neno moja juu ya istilahi. Nasema "hadithi za kisayansi" kwa sababu ni fupi na yaeleweka, ingawa najua wako wenzetu wapendao "bunilizi za kisayansi", na kwamba hoja yao ni nzuri kuliko masikio yangu yanavyokubali. Shida kubwa zaidi iko katika neno jingine, nalo ni "mwanachama". Katika Kiswahili chama ni watu: wakutana, wachanga, wagombana juu ya hesabu, wazikana. Watu wa klabu hii hawakukutana hata siku moja. Mwanachama hakumjua mwanachama mwenziwe, hakupiga kura, hakuwa na hisa, wala hakujua kama jirani yake wa nyumba ya tatu apokea kifurushi kama chake. Alikuwa mteja ambaye jina lake lilikuwa katika orodha. Waandishi wa kumbukumbu hata hivyo wasema "tulikuwa wanachama" kwa sauti ya mtu asemaye juu ya ukoo wake, na wengine waongeza kwamba klabu iliwafanya kuwa umma mmoja. Sikubaliani nao. Jambo walilokuwa nalo pamoja lilikuwa kitabu kimoja katika mwezi mmoja, kila mtu chumbani kwake. Si jambo dogo, lakini lina jina lake: ni usomaji, si jumuiya. Jumuiya ya wapenzi wa hadithi hizi ilikuwako Marekani kabla ya klabu kuzaliwa. Mkutano wao mkuu wa kwanza walioupa jina la dunia ulifanyika New York mwaka 1939, na huko watu walionana kwa macho hata wakafukuzana mlangoni. Hicho ndicho chama.

Sasa nije kwenye kadi. Kwa mtu wa isimu, kadi ile ni kitu cha ajabu kuliko vyote vilivyomo katika kifurushi. Katika biashara ya kawaida muuzaji hunena, mnunuzi hunena, ndipo mkataba huwa. Hapa mnunuzi alinena mara moja tu, siku ya kujiunga, na tangu siku hiyo kimya chake kilihesabiwa kuwa usemi. Asiyesema lolote amesema "nileteeni". Kumbukumbu zote zataja jambo hili, na zote zalitaja kama mzaha: kadi ilipotea chini ya kitanda, mbwa aliitafuna, basi kitabu kikaja, lo!

Kwetu kimya ni jambo zito na tuna mawazo mawili juu yake, ambayo hayapatani. Husemwa kwamba kunyamaza ni kukubali. Na methali yatuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, yaani kwamba anyamazaye huenda anaandaa kinyume cha kukubali. Wanasheria wa Kiislamu walilipima jambo hili kwa makini katika mlango wa ndoa: kimya cha mwari aulizwapo juu ya posa huhesabiwa kuwa ridhaa. Tazama lakini sharti lililomo katika neno "aulizwapo". Swali lazima limfikie, tena asikie. Kimya cha mtu asiyeulizwa si ridhaa wala si kukataa. Si usemi kabisa. Tofauti hii baina ya kunyamaza na kutofikiwa ndiyo ambayo klabu haikuweza kuiona. Barua ilipotiwa posta, mwanachama alihesabiwa kuwa ameulizwa.

Serikali ya Marekani yenyewe ililiona tatizo. Mwaka 1973 tume yake ya biashara ilitoa kanuni juu ya mauzo ya namna hii, nayo ikaanza kutumika mwaka 1974: mwanachama apewe siku zisizopungua 10 za kujibu, na kama hakuzipata, awe na haki ya kurudisha kitabu kwa gharama ya muuzaji. Kwa maneno yetu, kanuni ile ilijaribu kuhakikisha kwamba kimya ni kimya cha mtu aliyeulizwa. Sijaona hata kumbukumbu moja inayoitaja. Wasimulizi wakumbuka bei ya vitabu hadi senti ya mwisho, ilhali sheria iliyowalinda imewatoka akilini.

Na sababu naiona. Kicheko chao ni kicheko cha watu wenye tundu la barua mlangoni. Utaratibu wote wasimama juu ya dhana kwamba mtu ana nyumba, nyumba ina namba, na tarishi hupita kila siku. Kwa mtu aliyelelewa na Sanduku la Posta, dhana hiyo si ya kawaida hata kidogo. Barua zangu za utotoni zilikuja kwa sanduku la shule. Na wakati wa likizo zilikaa huko hadi shule ifunguliwe. Katika hali hiyo hakuna awezaye kusema kwamba nilinyamaza. Vitabu vya posta havikuwa vigeni Afrika ya Mashariki. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliendesha huduma za maktaba zilizopeleka masanduku ya vitabu mbali na miji na kuazima vitabu kwa njia ya posta. Lakini huko msomaji ndiye aliyeomba. Asiyeomba hakuletewa kitu, wala hakudaiwa. Sisemi kwamba utaratibu huo ulikuwa bora kwa kila jambo, na nitaeleza kwa nini. Nasema kwamba ulikuwa na sarufi nyingine.

Nilijiunga na klabu mwaka 2004, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika mji mmoja wa baridi kali. Nilijiunga kwa ajili ya isimu, au ndivyo nilivyojidanganya. Nilikuwa nimesoma The Languages of Pao ya Jack Vance, ya mwaka 1958, na Babel-17 ya Samuel R. Delany, ya mwaka 1966. Zote mbili zauliza kama lugha yaweza kumfanya mtu afikiri asivyofikiri, nami nilitaka nyingine za namna hiyo. Mwaka uliofuata nilirudi nyumbani kwa miezi miwili kukusanya data za utafiti. Sikuwaarifu klabu, ingawa ningaliweza. Kosa lilikuwa langu. Niliporudi nilikuta vitabu vinne juu ya meza, mwenzangu wa nyumba amevipokea kwa wema wote, na hati za madai zimepangwa kando. Nilikuwa mashambani Tanga, nikiwauliza wazee majina ya nyavu na mitego ya samaki, na huku katika daftari la Garden City nilikuwa nasema "ndiyo" mara nne. Nililipa. Mwezi ule nilikula wali na maharagwe mchana na usiku.

Haki yanilazimisha niseme na upande wa pili. Kimoja katika vile vinne kilikuwa mkusanyo wa hadithi fupi mpya, za waandishi ambao nusu yao sikuwahi kusikia majina yao. Nisingalikichagua kamwe. Mtu achaguaye mwenyewe huchagua alichokwisha kukipenda. Mimi ningaliendelea kununua riwaya za lugha hadi zimalizike, nazo si nyingi. Kitabu kile kilinitoa katika shimo hilo. Kilinionyesha kwamba hadithi za kisayansi, hata zikikosa sayansi, zina namna yake ya kueleza mambo: humtupa msomaji katikati ya maneno asiyoyajua, zikimtegemea ayaelewe kwa muktadha, kama mtoto ajifunzavyo lugha. Nimeyatumia maarifa hayo darasani mara nyingi kuliko nadharia niliyoifuata katika Pao na Babel-17. Basi utaratibu ninaoulaumu ndio ulioniletea kitabu hicho, na sioni njia ya kulikwepa jambo hili. Maktaba ya posta isingalinipa, kwa sababu nisingaliomba.

Hapa pana kasoro nyingine ya kumbukumbu hizi. Zasema "klabu ilituchagulia", kana kwamba klabu ina macho. Aliyechagua alikuwa mtu. Kuanzia mwaka 1973 hadi 2007 mhariri wa klabu alikuwa Ellen Asher: miaka 34 ya kusoma miswada na kuamua ni vitabu gani viwili vitawaendea wale wanaonyamaza. Ni wahakiki wachache wa utanzu wowote waliopata nguvu kama hiyo, naye hutajwa kwa nadra.

Jambo la mwisho ni la wanafilolojia, nami naliona kuwa tajiri kuliko yote, ingawa kumbukumbu zaligusa kwa ncha ya kidole tu. Klabu haikusambaza maandiko tu, iliyaumba upya. Mfano mkubwa ni Foundation ya Isaac Asimov. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilitoka kama hadithi mbalimbali katika jarida la Astounding baina ya 1942 na 1950. Kampuni ndogo ya Gnome Press ilizikusanya katika vitabu vitatu, mwaka 1951, 1952 na 1953, na kwa kitabu cha kwanza Asimov aliandika sura mpya ya kufungulia. Kisha klabu ikavitia vitatu hivyo ndani ya jalada moja, ikakitoa kitabu hicho kwa miaka mingi kama zawadi ya kumkaribisha mgeni. Maelfu ya watu walikisoma kama riwaya moja, na hukilaumu kwa kasoro za riwaya: wahusika hutoweka, mwendo hukatika. Lakini kasoro hizo si za mtunzi. Ni nyufa za maungio. Vivyo hivyo mwaka 1978 klabu iliunganisha riwaya tatu za awali za Ursula K. Le Guin na kuziita Three Hainish Novels, na jina hilo la pamoja likamwelekeza msomaji atafute mfululizo mahali ambapo kuna ujirani tu. Wenzetu wanaohariri tendi walijua jambo hili zamani: mnukuzi anaposhona tendi mbili katika daftari moja, msomaji wa baadaye huzisoma kwa pamoja, atake asitake.

Kwa sababu hiyo siungi mkono dharau ya wakusanya vitabu, ambao hukitupa kando kila kitabu cha klabu kwa kuwa karatasi yake ni duni na umbo lake dogo. Nawasihi pia wakutubi wetu, maana vitabu hivi hufika kwetu kwa njia ya misaada, makasha kwa makasha. Nimepata kuona katika maktaba moja nakala ya klabu iliyoorodheshwa kuwa toleo la kwanza, kwa sababu ukurasa wa hakimiliki ulikuwa na mwaka wa toleo la kwanza na hapakuwa na mwaka mwingine. Itazamwe karatasi ya nje ya jalada: ikiwa haina bei, yafaa kushuku. Kisha vifunuliwe vizuri kurasa za mwisho, pale zinaposhikana na mshono. Katika vitabu vya Doubleday vya tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1980, humo mna herufi na tarakimu ndogo sana: herufi ni mwaka wa kupigwa chapa, tarakimu ni juma. Nakala yangu ya Foundation, niliyoinunua kwa mkono wa pili, ninayo alama hiyo, ingawa mwenyeji wa kwanza aliifinyanga gundi juu yake, na ilinibidi kuisoma kwa kurunzi.