Fisi wa Khurafa na Fisi wa Mbugani

Ndugu mwalimu, hebu waulize wanafunzi wako fisi ana sifa gani katika khurafa. Watajibu kwa sauti moja: mlafi, mjinga, mwoga. Kisha waulize ni wangapi wamewahi kumwona fisi. Huenda usiinuke hata mkono mmoja. Pengo lililopo kati ya maswali haya mawili ndilo tunalodhamiria kulijadili, kwani aghalabu ndilo linalomfanya mtahiniwa aorodheshe sifa bila kuzieleza.

Khurafa hazikutungiwa mtoto wa darasani. Katika jamii za wafugaji, kama vile Wamaasai, Wasamburu na Wapokot, mtoto mdogo huanza kwa kuchunga wanambuzi na wanakondoo karibu na boma. Mchana huona nyayo, husikia milio na hujua kichaka cha kuepuka. Jioni, ngano humpa maana ya yale aliyoyaona. Mbuga ilitangulia, ngano ikafuata.

Mtazame sungura. Yule wa porini kwetu hachimbi shimo la kujifichia. Hujilaza nyasini, akategemea masikio yake na mbio za kupindapinda. Hana pembe wala meno ya kutisha. Mtoto aliyewahi kumkimbiza akamkosa hahitaji kuambiwa kwamba sungura ni mjanja. Ujanja huo ameushuhudia kwa macho yake. Halikadhalika fisi. Miguu yake ya nyuma ni mifupi kuliko ya mbele, hivyo mgongo huinama na mwendo wake huonekana kama wa kuchechemea. Ngano ya usuli inayoeleza chanzo cha kuchechemea huko ni jibu kwa swali la mtoto aliyemtazama mnyama kwa makini.

Hata hivyo, usiamini kila neno la fanani. Mtafiti Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro na kuchapisha kitabu mwaka wa 1972, alionyesha kwamba fisi ni mwindaji hodari, na kwamba huko Ngorongoro simba ndiye aliyenyang'anya mawindo ya fisi mara nyingi. Je, khurafa ilidanganya? La hasha. Mtoto wa mfugaji alijua vyema kwamba fisi anayechekwa jioni ndiye anayeweza kuvamia zizi usiku. Kwa maoni yangu, kicheko hicho kilikuwa dawa ya hofu: mtoto alifunzwa kutahadhari bila kutetemeka. Asiyewahi kumwogopa fisi hucheka tu, tahadhari haimfikii. Hatari ni kwamba mtoto wa mjini, ambaye hana fisi mwingine ila yule wa ngano, hukua akimdharau mnyama halisi na asione sababu ya kumhifadhi.

Kwa hivyo, mtahiniwa, unapoulizwa dhima ya khurafa, usikomee kwenye kuelimisha na kuburudisha. Eleza pia kwamba khurafa ilikuwa sehemu ya malezi: ilimwandaa mtoto kuishi na wanyama jirani. Toa mfano na uufafanue.

Nawe mwalimu, samaki mkunje angali mbichi. Chama cha Wildlife Clubs of Kenya kilianzishwa mwaka wa 1968 na wanafunzi wenyewe. Kama shule yako ina tawi lake, shirikiana nalo. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka wa 1946, imepakana na jiji. Nauli ikikosekana, watoe wanafunzi nje wamchunguze kunguru au kinyonga uani, kisha wamtungie ngano ya usuli. Utashangaa jinsi sifa za wahusika zitakavyoacha kuwa orodha ya kukariri.

Swali la kujaribu: "Mhusika mnyama katika khurafa ni mnyama na ni binadamu kwa wakati mmoja." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea ngano mbili ulizosimuliwa.