Saa Isimame Lini?

Kwenye viwanja vya mchangani vya Mazingara, kama ilivyo kwingi Handeni na Korogwe, anayekula dakika nyingi zaidi si mchezaji anayejiangusha. Ni mpira wenyewe. Mara nyingi uko mmoja tu na hakuna waokota mipira, kwa hiyo beki akiubutua ukaingia kwenye mahindi, uwanja mzima unasimama kumngoja mtoto aliyeufuata. Saa ya mwamuzi inatembea. Timu inayoongoza haioni sababu ya kumsaidia yule mtoto kutafuta.

Ujanja huo wa kula muda ni wa zamani. Husimuliwa kwamba mwaka 1891, Stoke ikiwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Aston Villa, ilipata penalti dakika za mwisho. Kipa wa Villa aliuchukua mpira akaupiga nje ya uwanja, na ulipopatikana dakika 90 zilikuwa zimekwisha. Kanuni ya kuongeza muda ili penalti ipigwe inahusishwa na siku ile. Tangu hapo soka limeshikilia njia moja: saa haisimami, bali mwamuzi anakusanya kichwani muda uliopotea na kuulipa mwishoni. Sheria ya 7 inataja vya kulipiwa: kubadilisha wachezaji, majeruhi, kadi, kupoteza muda kwa makusudi, na sasa hata kushangilia mabao.

Kwenye karatasi malipo hayo ni ya haki. Ila mlipaji ndiye mpimaji, na hakuna anayeiona hesabu yake. Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 waamuzi waliagizwa kuhesabu kwa ukali, na mechi ya England na Iran ikapata zaidi ya dakika 20 za nyongeza kwa vipindi viwili. Watu walishangaa, ingawa dakika hizo zilikuwa zikipotea siku zote. Tofauti ni kwamba safari hii mtu alizihesabu.

Ndiyo maana wapo wanaosema tuachane na kukadiria, saa isimame kila mchezo unaposimama. Tupige hesabu kwanza. Chukua mechi ambayo mpira uko mchezoni dakika 55 kati ya 90. Ukitaka dakika 90 kamili za mpira kwa mwendo huohuo, utakaa uwanjani takriban dakika 147, na ukiweka mapumziko ya dakika 15 unafika 162. Iliyoanza saa 10:00 jioni itaisha saa 12:42, kwenye uwanja usio na taa. Giza litakuwa mwamuzi wa tano. Watunga sheria wa soka, IFAB, waliliona hilo mwaka 2017 walipoweka mezani wazo la vipindi viwili vya dakika 30 huku saa ikisimamishwa. Kwa mwendo uleule, dakika 60 za mpira zinahitaji kama 98 za uwanjani, na mechi yetu ingeisha saa 12 kasoro dakika saba. Wazo halijawa sheria, lakini hesabu yake inakubali hata mchangani.

Shida yangu iko kwingine. Anayepoteza muda anaiba vitu viwili: dakika na pumzi. Kusimamisha saa kunarudisha dakika tu. Fikiria timu iliyokuwa ikishambulia mfululizo, mabeki wa upande wa pili wamechoka, halafu kipa wao analala chini akishika goti. Saa ikisimama, hakuna sekunde iliyopotea. Lakini mabeki wamekunywa maji, kocha amewaita pembeni na kuwapanga upya, na kasi ya washambuliaji imepoa. Tena sasa kipa anaweza kulala muda mrefu zaidi bila mtu kumlaumu, kwa kuwa saa imesimama! Mpira wa kikapu unaijua hali hiyo vizuri: dakika mbili za mwisho zinaweza kukaa uwanjani mara kadhaa ya urefu wake.

Hapa raga ya wachezaji 13, ile ya Australia na kaskazini mwa Uingereza, inafaa kutazamwa, japo Mazingara haichezwi. Mechi yake ni dakika 80. Mwamuzi ana mamlaka ya kusimamisha saa kwa jambo kubwa, na mtu akiumia mara nyingi mtabibu huingia kumhudumia huku mchezo ukiendelea upande mwingine. Lakini vituo vidogo havikuachwa holela. Mwaka 2016 ligi ya Australia, NRL, iliweka saa ndogo ya kuhesabu kushuka: sekunde 35 skramu (kundi la wachezaji wanaosukumana kugombea mpira) iwe imeundwa, sekunde 30 mpira wa kuanzia langoni uwe umepigwa. Ukichelewa, unaadhibiwa. Ligi Kuu ya Uingereza ya mchezo huo ilifuata mwaka 2019. Kusimamisha saa kunalinda dakika, na ile hesabu ya kushuka inalinda pumzi. Ukichukua kimoja ukaacha kingine umefanya nusu ya kazi.

Soka nalo limeanza kuelekea huko kimyakimya. Tangu Julai 2025 kipa akishika mpira zaidi ya sekunde 8 timu yake inaadhibiwa kwa kona, na mwamuzi anazionyesha sekunde 5 za mwisho kwa mkono. Hakuna saa iliyosimamishwa hapo, ila kipa anaona adhabu inavyomkaribia.

Swali la pili ni nani aishike saa. Januari 2022, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika huko Limbe, Cameroon, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alimaliza mechi ya Tunisia na Mali dakika ya 85, akairudisha, kisha akaimaliza tena sekunde chache kabla ya 90. Baadaye alieleza kwamba joto lilimzidi. Walipoitwa warudi uwanjani, Mali walirudi lakini Tunisia hawakutokea, na ushindi wa Mali wa 1-0 ukabaki. Ikiwa hilo linatokea kwenye mashindano yenye waamuzi wanne na vifaa vya kila aina, mwamuzi wa kata anayekimbia peke yake juani tunamtwisha nini?

Netiboli, inayochezwa na mabinti wa vijijini humuhumu, ililimaliza hilo zamani. Kuna meza, kuna mtunza muda, na mwamuzi akisimamisha muda kwa majeruhi, mezani wanasimamisha saa ya robo ile ya dakika 15. Mechi za mchangani zingeazima meza hiyo bila gharama, kwa mtu mmoja mwenye simu ambaye si shabiki wa upande wowote.

Pendekezo langu ni la bonanza na mashindano ya mchangani, si la ligi zinazobanwa na Sheria ya 7. Saa isimame kwa mambo matatu tu: mtoa huduma ya kwanza akiitwa ndani, mpira ukipotelea nje, na ugomvi au kadi nyekundu. Mpira wa kurusha, goli kiki na faulo za kawaida saa iendelee, ila mwamuzi ahesabu kwa sauti, na akifika mwisho mpira uende kwa wapinzani. Mchezaji aliyetibiwa atoke nje kwanza, asirudi mpaka aruhusiwe. Vipindi viwe vya dakika 35, na timu zikubaliane kabla ya kipenga cha kwanza. Muda wa mezani ukiisha mpira ukiwa hai, mchezo usikatwe hapo bali umalizike mpira utakapotoka, kama wafanyavyo wa raga ya wachezaji 15. Hilo la mwisho ndilo litakaloleta kelele kuliko yote, maana kuna siku bao litafungwa baada ya meza kupiga filimbi.