Saa ya Kuwaka

Programu ikishatulia, ikipokea wateja na kuwajibu, watu huisifu kwa kasi na kwa sura yake. Mimi nataka kusifu sekunde zile chache inapowaka, kila sehemu ikitafuta nyenzo zake: moja inasoma faili la mipangilio, nyingine inashika poti ya mtandao, nyingine inabisha hodi kwenye hifadhidata. Hapo ndipo fundi hujulikana. Sehemu mbili zimeshasimama, ya tatu imekwama, nini kifanyike? Programu nyingi hazina jibu. Huendelea nusunusu, zinapokea maombi zisiyoweza kuyatimiza, na mtu aliyetuma ada ya mtoto hubaki akikodolea simu, asijue kama pesa zimefika au zimepotea.

Jibu bora ninalolijua lilitoka Stockholm. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye maabara ya kampuni ya Ericsson, Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams walianza kuunda lugha ya programu iitwayo Erlang. Walilenga mitambo ya simu, na mtambo wa simu huwezi kuuzima ili uutengeneze, watu wanaongea. Wakakubali mapema kwamba makosa yatatokea hata katika kazi iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Basi wakagawa majukumu. Ipo michakato inayotenda, na yupo msimamizi ambaye kazi yake ni kuianzisha, kuiangalia na kuifufua ikifa. Msimamizi naye ana msimamizi wake, na huyo ana wake, hadi unapata mti mzima. Seva za WhatsApp zilijengwa kwa lugha hiyo, kwa hiyo wengi wetu tumeutegemea mti huo bila kuuona.

Napenda ukali wa utaratibu wake. Msimamizi huanzisha mchakato wa kwanza, akangoja hadi uthibitishe kuwa uko tayari, ndipo augeukie wa pili. Wa tatu ukishindwa, hajidanganyi. Huuzima wa pili, kisha wa kwanza, kinyume cha alivyoiwasha, maana wa pili huenda unauegemea wa kwanza, na si haki kuuondolea tegemeo ungali hai. Halafu yeye mwenyewe huacha kazi na kumpelekea aliye juu yake sababu. Poti inaachiliwa, faili linafungwa, na anayekuja kujaribu tena anakuta uwanja mtupu.

Mchakato ukianguka baada ya kuanza vyema, msimamizi huuanzisha upya, ukiwa hauna hali iliyouharibu. Lakini uvumilivu wake una kipimo: asipoelekezwa vingine, huruhusu kuanza upya mara 1 tu ndani ya sekunde 5. Ikizidi, huzima yote aliyo nayo na kulipandisha tatizo juu. Nimeona mifumo isiyo na kipimo hicho ikiwaka na kuanguka usiku kucha, ikijaza diski kwa maelezo ya kosa lilelile.

Hata hivyo, msimamizi hafikiri kwa niaba ya fundi. Mwaka 2013 Fred Hébert, mwandishi wa vitabu vya Erlang, alieleza vizuri kwamba uanzishaji ni dhamana: kile ambacho sehemu inakidai kabla ya kusema iko tayari, ndicho wengine watakitegemea muda wote ikiwa hai. Faili la mipangilio lililo kwenye mashine ileile, lidai. Likikosekana, programu ianguke papo hapo, mhandisi angali mbele ya skrini. Lakini hifadhidata iliyo ng'ambo ya mtandao usiidhamini. Wasomaji wa Tanzania na Kenya wanaikumbuka Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika. Sehemu iliyoapa kwamba haisimami bila muunganisho hushindwa kila inapofufuliwa, kipimo kinafikiwa, na mfumo mzima unaanguka kwa ajili ya kitu ambacho kingerudi chenyewe. Afadhali isimame, ikiri kwamba haijaunganishwa, iendelee kujaribu kwa vipindi vinavyorefuka, na imwambie ukweli kila anayeuliza. Kuamua lipi lidaiwe na lipi lingojewe ndiyo sehemu ngumu ya ufundi huu, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote.

Kuzima nako kunataka adabu. Mchakato wa kawaida katika Erlang huambiwa ufunge kazi, ukapewa sekunde 5 za kurudisha ulivyoshika. Ukipitisha muda huo, unauawa. Msimbo wa kuzima huandikwa mwisho, kwa haraka, na mara nyingi haujaribiwi kamwe, ilhali ndio huohuo unaohitajika uwashaji unapokwama katikati. Kwa hiyo nikikabidhiwa mfumo mgeni nikague, huanzia hapo: naharibu kwa makusudi sehemu inayowaka mwisho, kisha nahesabu poti na faili zilizoachwa wazi.