Juu ya "Hatamu", "Adapta" na "Msaidizi wa Dereva"

Miongoni mwa istilahi zinazomkabili mfasiri wa maelezo ya magari ya umeme zimo zile za mitambo inayoongezwa garini baada ya kununuliwa. Mfano ulio wazi ni openpilot, programu iliyotolewa hadharani na kampuni ya Marekani, comma.ai, mwaka 2016, nayo hutumika katika magari kama Hyundai Ioniq 5. Programu hukaa katika chombo kidogo kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele. Na ili chombo hicho kiwasiliane na gari, fungu la nyaya hupachikwa baina ya kamera ya gari na plagi yake.

Fungu hilo Waingereza huliita kwa neno lililotokana na vifaa vya farasi, na mfasiri mwenye haraka hushawishika kusema "hatamu". Halifai. Hatamu ni ya mwenye kuongoza, na nyaya hizi haziongozi kitu. Tena msomaji wetu, aliyezoea kusikia kwamba fulani ameshika hatamu, atadhani dereva amekwisha kunyang'anywa gari.

"Adapta" lina afadhali, ila raia hulielewa kuwa kile kidude cha ukutani kinachobadili umeme wa redio. Hapa kinachobadilika si umeme bali njia ya ujumbe. Vifaa vya gari huwasiliana kwa nyaya mbili zilizosokotwa, kwa utaratibu wa CAN ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Kiungo hiki hukaa katikati, na chombo huzuia baadhi ya ujumbe wa kamera na kupeleka wake badala yake. Mna rilei pia: chombo kikikosa umeme, kamera huunganishwa moja kwa moja na gari kama awali. Fundi anayejitengenezea kiungo (na wapo, maana plagi za gari moja haziingii katika jingine) akidhani anaunda kibadili-umeme atakosea tangu mwanzo. Twapendekeza "kiungo pachiko". "Adapta" libakie kwa kinachobadili umbo la plagi tu.

Ama "msaidizi wa dereva", kwetu huyo ni utingo! Hata hivyo utingo ni afadhali kuliko "gari lijiendeshalo", kosa linaloweza kuua. Katika ngazi za SAE, 0 hadi 5, openpilot ni ya 2: hushika usukani na kurekebisha mwendo, lakini dereva hana ruhusa ya kuacha kutazama barabara. Tusema "mfumo wa kumsaidia dereva", japo ni refu.

Mwaka 2016 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliiandikia kampuni hiyo kwamba kutamka tu kuwa dereva angali na wajibu hakutoshi, na bidhaa ya kwanza ikaachwa. Basi mfasiri asiilegeze ilani kwa "inashauriwa". Aandike kwa amri: "Tazama barabara."