Kimelea Sugu cha Karagwe Kilibainika Vipi

Barabara itokayo Isaka kwenda mpaka wa Rusumo hupita Kahama, Masumbwe, Ushirombo na Lusahunga kabla ya kuingia Ngara. Malori ya Rwanda na Burundi huipita usiku na mchana, na wachimbaji wadogo huifuata kila panaposikika kwamba dhahabu imetoka. Vimelea vya malaria husafiri humo humo, ndani ya damu ya watu. Ndiyo maana kimelea sugu kilichobainika Karagwe, mkoani Kagera, kinamhusu mkazi wa Masumbwe. Namna kilivyobainika nayo inafaa kuelezwa vizuri, kwa kuwa uvumi unaosema dawa ya mseto haitibu tena malaria si kweli.

Kazi ya kukibaini iliongozwa na Dk. Deus Ishengoma wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), akishirikiana na watafiti wa vyuo vikuu vya North Carolina na Brown vya Marekani. Mwaka 2021 zilikusanywa maelfu ya sampuli kutoka mikoa kadhaa. Kila sampuli ilikuwa matone ya damu ya kidole yaliyodondoshewa kwenye karatasi ya kuchujia, yakaachwa yakauke, kisha yakafungwa kwenye mfuko wenye punje za kunyonya unyevu. Kwangu mimi, ubora wa utafiti huu unaanzia hapo. Karatasi hiyo haihitaji jokofu, kwa hiyo zahanati isiyo na umeme inaweza kuchangia sawa na hospitali ya rufaa.

Maabara hutoa vinasaba kwenye tone kavu, huhakikisha kwa kipimo cha PCR kwamba vimelea vimo, halafu hutumia vipande maalumu vya DNA kunasa sehemu zinazotafutwa ili mashine izisome herufi kwa herufi. Sehemu iliyolengwa zaidi ni jeni iitwayo kelch13. Katika nafasi ya 561 ya protini yake, amino asidi iitwayo ajinini ilikuwa imeondoka na nyingine, histidini, imekaa mahali pake. Badiliko hilo huandikwa R561H. Mkoani Kagera lilionekana kwenye sampuli 50 kati ya 649, sawa na asilimia 7.7, na wilayani Karagwe pekee lilifika asilimia 22.8.

Jeni pekee hutoa shaka tu, haitoi hukumu. Kwa hiyo mwaka 2022 wagonjwa waliandikishwa hapo hapo Karagwe, wakapewa mseto wa ALu au ule wa artesuneti na amodiakwini, wakafuatiliwa kwa wiki kadhaa huku damu yao ikichunguzwa kwa hadubini mara kwa mara. Siku ya tatu, zaidi ya asilimia 10 bado walikuwa na vimelea. Shirika la Afya Duniani huangalia vimelea vinavyobaki siku hiyo, pamoja na badiliko la jeni linalotambuliwa, kuthibitisha usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, dawa ya kwanza kwenye mseto. Hata hivyo wagonjwa walipona, zaidi ya asilimia 90, kwa sababu dawa ya pili iliyomo kwenye mseto ilimaliza vimelea vilivyochelewa kufa.

Kulikuwa na mtego mmoja. Katika Kanda ya Ziwa mbu ni wengi, na mtu aliyepona anaweza kuumwa tena kabla ufuatiliaji haujaisha. Vimelea vikionekana wiki ya nne, ni vile vya zamani au ni vipya? Watafiti hulinganisha jeni kama msp1 na msp2 za siku ya kwanza na za siku vimelea viliporudi, kama mfugaji anavyomtambua ng'ombe wake kwa alama ya sikio. Zikilingana, dawa imeshindwa. Zikitofautiana, ni mbu mwingine. Bila hatua hii, dawa nzima ingelaumiwa bure.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni asili ya badiliko hili. Mwaka 2020 watafiti waliripoti R561H nchini Rwanda, katika sampuli zilizochukuliwa kati ya 2013 na 2015. Herufi zinazoizunguka jeni hiyo zilionyesha kuwa halikuletwa kutoka Asia, lilizuka Afrika. Sampuli za Tanzania nazo zina dalili za chimbuko zaidi ya moja. Kwa hiyo ulinzi wa mpakani pekee hautatosha. Isitoshe, mgonjwa wa malaria kali huanza na sindano ya artesuneti peke yake, bila dawa ya pili ya kumkinga.

Karatasi hizo za kuchujia zinapaswa kutumika kila mwaka kwenye zahanati za njia hii ya malori na za machimboni, Masumbwe ikiwemo, na majibu yarudi kwa waliotoa damu. Nawe msomaji, ukipimwa ukakutwa na malaria, dozi ya ALu ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne kila mara, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Meza pamoja na chakula, uvimalize vyote, hata kama homa imeshuka siku ya pili na duara la machimboni linakusubiri.