Lunga na Msitu wa Mamba: Mnafiki au Mhitaji?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, fungua miongozo ya Chozi la Heri kwenye sehemu ya maudhui na utafute uharibifu wa mazingira. Hukosi kukuta jina la Lunga Kiriri Kangata. Chini yake huwa pana sentensi mbili: kwamba akiwa mwanafunzi aliongoza Chama cha Watunza Mazingira Wasio na Mipaka, na kwamba alipokuwa mtu mzima aliingia Msitu wa Mamba akafyeka na kulima. Hapo huandikwa neno moja, kinaya. Wapo wanaoongeza la pili, unafiki. Mwanafunzi hukariri, hunakili katika karatasi ya mtihani na mtahini humpa alama yake. Yamekwisha.

Riwaya hii ya Assumpta K. Matei imekwisha kupisha vitabu vingine katika orodha ya vitabu teule. Nairudia kwa sababu swali linaloulizwa na maisha ya Lunga lingali nasi. Kila muhula tunasahihisha insha kuhusu mabadiliko ya tabianchi na wajibu wa mwananchi, na nyingi ni hotuba ileile ya Lunga wa shuleni: tupande miti, tusikate ovyo, tuhifadhi vyanzo vya maji. Hazina kosa la sarufi wala la ukweli. Ila zinachukulia kwamba anayekata mti hajui. Lunga alijua. Tena alisimama mbele ya wenzake akawafunza. Je, ujuzi huo ulimfaa nini alipohitaji pa kulima?

Tuanze na jina lake, kwani miongozo hulipita mbio. Wazazi wake, Kangata na Ndarine, waliishi katika shamba la mwajiri wao, Kiriri, hata jina la mwenye shamba likawaganda. Lunga Kiriri Kangata: jina la mwenye ardhi limekaa katikati, kati ya mtoto na baba. Mwandishi hakulitia hapo kama pambo. Huyu ni mtu aliyekulia katika ardhi isiyo yao, na uhusika wake hauwezi kueleweka bila kulizingatia hilo.

Kisha kuna mahindi. Lunga anapata kazi, na akiwa kazini anapinga wananchi kuuziwa mahindi yaliyoharibika. Msimamo huo unamgharimu ajira. Ni baada ya hapo ndipo anapoelekea Msitu wa Mamba. Sasa tuulizane, msomaji: mnafiki ni nani? Ni mtu ambaye ulimi wake na moyo wake haviendi njia moja. Mtu aliyekubali kupoteza mshahara ili watu asiowajua wasile sumu hawezi kuitwa hivyo kwa urahisi. Kinaya kipo, tena kikubwa kuliko kile tunachowafundisha wanafunzi. Uadilifu wa Lunga ndio uliomtoa ofisini, na kutoka kwake ofisini ndiko kulikomfikisha msituni. Mtahiniwa anayeandika kwamba Lunga alisahau aliyoyahubiri hajaisoma riwaya, amesoma muhtasari.

Hapa pana jambo jingine ambalo majibu mengi hulichanganya. Uharibifu wa mazingira na mabadiliko ya tabianchi ni mambo yanayohusiana, lakini si kitu kimoja. Joto la dunia linaongezeka hasa kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na gesi zinazochomwa, na sehemu kubwa ya moshi huo imetoka katika nchi zilizotangulia kujenga viwanda. Kenya huchangia chini ya asilimia moja ya gesi hizo. Hata wakulima wote wa Msitu wa Mamba wakikamatwa na kushtakiwa, joto la dunia halitajua. Walakini msitu unapofyekwa, anayeumia kwanza ni jirani aliye bondeni. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosekana kaskazini na mashariki mwa nchi. Mwaka wa 2024 mvua ikaja kwa mafuriko yaliyoua watu wengi. Msitu hauleti wala hauzuii misimu kama hiyo peke yake, ila huyapokea maji na kuyaachilia polepole, na udongo hubaki mahali pake. Mtu wa kawaida basi ana wajibu, lakini wajibu wenye kipimo. Kumbebesha lawama ya dunia nzima ni uonevu, na kumwambia kwamba hana la kufanya ni uonevu pia.

Msomaji wa Kenya anapokutana na Msitu wa Mamba hawezi kuacha kuufikiria Mau. Mwaka wa 2001 serikali ilitangaza kumega maelfu ya hekta za misitu ya umma, sehemu kubwa ikiwa Mau. Miaka iliyofuata, ikiwemo 2009 na 2018, familia zilitimuliwa humo kwa jina la kuokoa chemchemi za mito. Naye Mwogieki, aliyekuwa humo kabla ya hatimiliki kubuniwa, alitimuliwa pamoja na wengine. Mnamo Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha iliamua kwamba haki za Waogieki zilikuwa zimekiukwa, na kwamba hifadhi ya mazingira haikuwa sababu ya kutosha ya kuwafukuza. Tazama jinsi lawama ilivyopita juu ya vichwa vya wamegaji na wapasuaji mbao, ikatua kwa mwenye kibanda. Matei analijua hili. Wakazi wa Mamba wanapofurushwa, anatuonyesha gharama yake ndani ya nyumba moja: Naomi anaondoka, Lunga anakufa, Umu, Dick na Mwaliko wanatawanyika.

Nina lawama kwa mwandishi, nayo si ndogo. Hotuba ya Lunga shuleni imeandikwa kama somo la Jiografia, na msomaji huivumilia zaidi ya kuifurahia. Isitoshe, riwaya inapoufikia msitu haituonyeshi njia ya tatu. Ni kukata au kufukuzwa. Lunga wa shuleni ana chama. Lunga wa msituni yuko peke yake na familia yake. Nchini mwetu njia hiyo ya tatu imewahi kupitwa. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, wanawake walipewa malipo madogo kwa kila mche uliopona. Hawakulipwa kwa kuchimba shimo mbele ya kamera. Kule Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wamekuwa wakilinda mikoko tangu 2013 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Hewa ukaa inayofungwa katika miti na matope yale huuzwa kama hati, na pesa zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Hekta zenyewe ni 117 tu. Lakini anayezilinda halazimiki kuchagua kati ya mti na sufuria, na huo ndio uchaguzi uliomshinda Lunga.

Mwalimu, kitabu teule kiwe kipi, swali la namna hii lafaa kuulizwa darasani. Badala ya kuwaambia wanafunzi wataje njia 5 za kuhifadhi mazingira, wape Lunga siku anayotoka kazini, mahindi mabovu nyuma yake na msitu mbele yake. Waulize: nani angefanya nini, lini, ili asiushike mti ule? Wasianze na Lunga. Waanze na Kiriri.